Saiti Makete mwezi wa saba: asubuhi vijana wanaganda, usiku wanalala na jiko la mkaa ndani. Wenzangu mnafanyaje?

foremani_wa_uyole

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni foremani, nimezoea kazi za Mbeya mjini na Mbalizi huko, sasa bosi kapata kazi ya madarasa na nyumba ya mwalimu huku Makete, ile njia ya kupandisha Kitulo, na tumeingia saiti katikati ya kipupwe. Kama hujafika huku mwezi wa saba usiseme unaijua baridi. Asubuhi majani yote meupe, maji ya pipa yameshika barafu juu, mirunda ya jukwaa inateleza huwezi kumpandisha mtu.

Nusu ya vijana nimewatoa Chimala na Rujewa, watu wa jua wale, wamekuja na fulana na kandambili kama wanaenda shamba la mpunga. Tunaanza saa moja kama mjini ila ukweli hadi saa tatu hakuna kinachofanyika, mtu kashika mwiko vidole havikunji, anapanga tofali mbili tatu anakimbilia moto, na bosi anapiga simu kila siku mmefika lenta au bado.

Ila kinachonikosesha usingizi ni usiku. Wanalala stoo ya mabati pamoja na saruji, upepo unapita kila upande, kwaiyo wamechukua mifuko mitupu ya saruji wameziba matundu yote halafu wanaingiza jiko la mkaa ndani. Nimewakataza, nikishaondoka tu linaingia. Juzi mmoja kaamka kichwa kinamgonga, anatapika, wenzie wanacheka wanasema ni komoni ya jana, ile pombe ya kienyeji. Mi komoni sinywi sijui inafanyaje lakini moyo haujatulia.

Na tukimaliza hapa, mwezi wa kumi timu hiihii inashuka Kyela, joto lake mnalijua. Naomba uzoefu wenu, kitu kinachofanyika saiti, bajeti yenyewe ndo hizi za mafungu mnazozijua.

mzee_wa_nondo

Kamwene foremani. Mi nimefanya kazi Njombe, Makete na Mufindi miaka mingi, ngoja nikupe ninavyoenda.

Kwanza achana na saa moja. Mwezi wa saba huku jua lenyewe linachomoza karibu saa moja, sio kama Dar ambako linatangulia, kwaiyo ukiwaita saa moja unawaita kwenye baridi kali kuliko saa zote za siku. Anza saa mbili na nusu, maliza saa kumi na moja na nusu, toa saa moja ya chakula, hapo una masaa nane kamili, sawasawa na mtu aliyeanza saa moja akatoka saa kumi. Giza linaingia baada ya saa kumi na mbili na nusu kwaiyo mwanga unao wa kutosha. Bosi akiuliza mpigie hiyo hesabu, hujamwibia hata dakika moja, umehamisha tu. Sheria ya ajira yenyewe ya 2004 inasema masaa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na mtu akifanya masaa matano mfululizo apumzike saa zima, haijasema uanze na majogoo.

Pili panga kazi kufuata jua. Asubuhi wape kazi za kutembea, kusogeza tofali, toroli la mchanga, kuchimba. Usimpe mtu kukunja nondo saa mbili asubuhi, chuma cha baridi kile kinanyonya joto lote la mkono na vidole vikifa ganzi ndo anajikata au anaangusha kitu juu ya mwenzie. Jukwaani hakuna kupanda mpaka ile barafu ya kwenye mirunda na mbao imeyeyuka na pamekauka, uwe unakwenda kukanyaga mwenyewe kwanza. Mabati vilevile, kupaua ni kuanzia saa nne. Zege nalo mwaga saa nne au tano ili lipate masaa ya jua, na jioni lifunike na nyasi na turubai, zege halipendi kuganda likiwa bichi, hapo bosi atakusikiliza haraka maana ni saruji yake.

Tatu, uji uje KABLA ya kazi. Saiti nyingi chai ni saa nne, huku hiyo chai inakuta mtu ameshaganda. Na miguu, gambuti bila soksi ni kazi bure, mguu unatoa jasho, jasho linapoa, mtu anashinda na maji ndani ya kiatu. Soksi pea mbili, moja inavaliwa moja inakaushwa.

Hilo la mkaa sisemi mengi, kuna wataalamu humu. Ila LITOE LEO.

mkandarasi_daraja_la_saba

Mnadekeza sana vibarua nyie. Sisi tulijenga huko tukiwa na fulana na hatukufa. Uji, soksi, glovu, blanketi, nani analipa? Tenda za siku hizi faida yenyewe iko wapi, hela inachelewa miezi, halafu foremani anataka kugeuza saiti kuwa hoteli. Kijana hawezi baridi arudi Rujewa, waje wazawa, Wakinga wapo na baridi ni yao.

nesi_wa_mlimani

Foremani huyo kijana wako hakuwa na hangover, au tuseme inawezekana alikuwa nayo lakini usikae ukiamini hivyo. Kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuisha nguvu, asubuhi baada ya kulala na mkaa kwenye chumba kilichozibwa, hiyo ni hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi mpaka ithibitike vingine. Haina rangi, haina harufu. Watu wanadhani moshi ndo mbaya, wanasubiri mkaa ushike vizuri uwe mwekundu usio na moshi ndo wanauingiza ndani, na mkaa mwekundu ndo unaendelea kuitoa hiyo hewa usiku kucha. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali ambapo oksijeni ingekaa na inang'ang'ania kuliko oksijeni yenyewe, zaidi ya mara 200. Mtu aliyelala haamki kusema nakosa hewa, anazidi kulala tu. Na aliyekunywa ndo kabisa.

Dalili kubwa ya kukuonyesha ni hii, uliza kama na wengine waliolala mle waliamka na kichwa kizito. Wakiwa wawili watatu siku moja, halafu wakitoka nje kwenye hewa wanapata nafuu, jibu unalo. Ukimkuta mtu hajitambui mle ndani, fungua mlango, mtoe nje kwanza, wewe mwenyewe usikae ndani kumpepea, halafu kituo cha afya haraka na uwaambie wazi kuwa alilala na mkaa maana anahitaji oksijeni. Msimpe maziwa, msimmwagie maji.

Halafu kuacha dirisha wazi kidogo sio dawa. Jiko la mkaa halilali na mtu, basi.

Sasa hiyo komoni. Najua wengi wanaamini inapasha. Unasikia joto kwa sababu damu imekuja kwenye ngozi, na ikija kwenye ngozi joto la ndani ndo linatoka nje, kwaiyo aliyelewa anapoa haraka kuliko asiyekunywa na hajijui. Tulishapokea watu waliookotwa njiani alfajiri, usiombe.

Mtu wa saiti aliyelowa na upepo unampiga muangalie hivi: akitetemeka sana bado mwili unapigana, mtoe kwenye upepo, mvue nguo mbichi zote, mvalishe kavu, blanketi, kofia, mpe chai ya sukari kama anameza vizuri. Akiacha kutetemeka huku bado wa baridi, anaongea kama mlevi, anajikwaa, anakwambia niache tu nilale, hiyo ni hatari kubwa, mpeleke hospitali umemlaza, mkimbeba kwa upole, msimsugue mikono na miguu na msimweke karibu na moto mkali. Na kumbuka haihitaji barafu, mvua ya nyuzi kumi na upepo inatosha kabisa.

Nyongeza, mikono. Baridi kavu ya huku inapasua ngozi na saruji mbichi ni kali, inachoma kwenye hizo nyufa taratibu mtu hasikii sababu ana ganzi, jioni ndo unaona vidonda. Mafuta ya mgando usiku, glovu za mpira mchana, na saruji ikiingia kwenye gambuti vua uoshe palepale, usimalizie kwanza safu ya tofali. Ikiruka jichoni ni maji safi mengi dakika 20 bila kusugua, halafu hospitali.

deiwaka_mwenyewe

Mkuu, mi ni saidia fundi, naongea kwa niaba ya wale vijana wa stoo. Tunaingiza mkaa si kwa ujinga, tunaingiza sababu blanketi moja watu wawili na chini ni mfuko wa saruji juu ya udongo. Ukinikataza mkaa bila kunipa kitu umeniambia niteseke kimyakimya. Nipe godoro hata la nyasi na blanketi mbili uone kama nitahangaika kununua mkaa kwa hela yangu.

Na mkandarasi daraja la saba, wazawa nao wanaganda, wenyewe tu wana makoti.

mama_ntilie_wa_saiti

Hapo kwenye uji niulizeni mimi wanangu 😂 napikia saiti huku Njombe, nikipewa oda jioni saa moja na nusu asubuhi sufuria iko pale, uji wa ulezi na karanga, mzito, au wa mahindi na viazi vya kuchemsha pembeni, viazi huku kwetu ndo chakula. Chai ya rangi na tangawizi naweka kwenye chupa kubwa wanakunywa mpaka saa nne. Maharage niongeze mafuta, mtu wa baridi anakula mara mbili ya mtu wa Kyela msimlalamikie.

Ila foremani uji ulipwe na bosi, usiwakate vijana kwenye posho. Ukiwakata wanaruka uji wanaweka hela, halafu saa tatu wanaanguka na mimi sufuria linanibakia. Na madeni ya wiki nzima sipendi nalisema mapema.

Maji pia wanakunywa kidogo sana wakati wa baridi, nawaona, kutwa mtu hajagusa. Mkojo njano ile ya chai. Nawachemshia wanywe ya moto.

mzee_wa_nondo

Mama umemaliza hapo kwenye posho.

Deiwaka yuko sahihi, foremani usikataze tu, badilisha. Chini weka paleti au mbao za fomu na nyasi kavu kipande kinene, maana baridi ya chini ndo inayoua usingizi, blanketi la juu watu wanalifikiria la chini wanalisahau. Gawa ile stoo, saruji upande wake na ukuta wa turubai, chumba cha kulala kikiwa kidogo miili yenyewe inakipasha. Ndani ya bati bandika mifuko ya saruji iliyofunguliwa, tabaka mbili, ila acha nafasi ya hewa juu chini ya paa pande zote mbili, hiyo usizibe. Moto uwe nje kwenye kibanda kisicho na kuta, paa la bati tu, hapo ndo pa kuota jioni na kukaushia soksi na gambuti, na saa tatu usiku jiko linabaki hukohuko, msimamizi wa kulifunika mpe jukumu mmoja wao mkubwa, sio wewe unayeondoka. Mkitaka joto la kulala nalo chemsheni maji mtie kwenye madumu ya lita tano, funga sawasawa, zungushia kitambaa, kila mtu na lake miguuni.

Ukipata nyumba ya kupanga kijijini panga. Kwa vijana wengi hivyo kugawana chumba sio ghali kama unavyodhani na saruji itapata mlinzi mmoja tu wa kukaa macho.

fundi_kyela

Nijibu upande wa joto maana mmemsahau.

Foremani kosa kubwa la watu wanaoshuka kutoka huko juu ni kuwapiga kazi siku ya kwanza kama walivyozoea. Makete mpo juu ya mita 2000, huku ziwani tupo kama mita 500, joto lina unyevu jasho halikauki mwilini. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Siku ya kwanza mpe mtu kama moja ya tano ya kazi ya kawaida kwenye jua, uwe unaongeza kidogokidogo kila siku, na hao wageni ndo wa kuwaangalia, mwenyeji atajitafutia kivuli mwenyewe, mgeni anataka kukuonyesha ana nguvu.

Huku saa tunazigeuza kinyume na zenu, tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa sita mpaka tisa kazi nzito hakuna, watu wako kivulini wanafunga ringi za nondo au wamelala kabisa, tunarudi saa tisa. Maji ni glasi moja kila dakika 15 au 20, usisubiri kiu, pipa liwe pale mtu anapofanyia kazi sio getini. Akitoka jasho masaa mengi awe anakula na chakula chenye chumvi. Kama kuna anayeharisha ndo dawa ya chumvichumvi, huna basi lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Misuli ikikaza, jasho jingi, kizunguzungu, huyo kivulini, legeza nguo, maji. Lakini akianza kuongea vitu havieleweki, anapigana na watu, anaanguka au degedege, hilo ni joto limefika kichwani, usipoteze muda kutafuta panado, mmwagie maji ya baridi mwili mzima PALEPALE, mpepee, huku gari linatafutwa. Watu wanampakia kwanza halafu wanafikiria kumpoza njiani, mnachelewa.

Na mvua mtaikuta, huku na Tukuyu haisubiri msimu wenu. Shimo la choo na mtaro wa msingi ukilowa usimshushe mtu kabla hujaukagua, ule udongo ulioutoa uweke mbali na ukingo angalau mita moja, sio unaujaza pembeni kabisa. Mita moja ya ujazo ya udongo ni tani moja na nusu na zaidi, ikimfukia mtu kifuani hapumui hata kama kichwa kiko nje.

saidia_mwandamizi

Na radi jamani, Rungwe na Mbeya hapa radi sio utani. Sisi sheria yetu ukiona mwanga hesabu, ukisikia ngurumo kabla ya 30 kila mtu anashuka jukwaani na anaachia nondo, na hakuna kurudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Sio chini ya mti, sio kibanda cha wazi, kaa kwenye darasa lililokamilika au ndani ya gari la bodi la bati vioo vimefungwa. Aliyepigwa unaweza kumshika, hana umeme, wale wanaokataza kumgusa eti mpaka afukiwe mchangani wanamuua mara ya pili, kama hapumui anza kumkandamiza kifua.

mkandarasi_daraja_la_saba

Sawa nimesoma yote. La mkaa sikatai. Ila bado nauliza nani analipa, maana BOQ, ule mchanganuo wa gharama za kazi, haina mstari wa uji.

mzee_wa_nondo

BOQ ina mstari wa maandalizi ya saiti na usalama bosi wangu, wengi mnaujaza namba ndogo ili mshinde tenda halafu mnalia. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 iko wazi vifaa vya kinga ni juu ya mwajiri, OSHA, wale wakaguzi wa serikali wa usalama kazini, wakitua hapo hawatamuuliza kibarua. Na kama vijana hujawaingiza kwenye mfuko wa fidia WCF, ambao unachangia wewe mwajiri wao hawakatwi kitu, siku mmoja akifia stoo familia yote inakuja mlangoni kwako na sio kwa nesi. Linganisha hiyo na bei ya blanketi.

Kuna saiti moja naijua, jina naliacha, walikuta vijana wawili asubuhi mlango umefungwa kwa ndani. Kazi ilisimama, hayo mahesabu ya uji hayakuongelewa tena.

foremani_wa_uyole

Wakuu asanteni sana, nesi Mungu akubariki. Nimewauliza vijana leo jioni, kumbe waliolala upande wa jiko WOTE waliamka na kichwa na walikaa kimya wakiogopa nitawafukuza. Jiko limetoka, limeenda kwenye kibanda cha kupikia, na mtu mzima wao mmoja ndo mwenye funguo. Kijana aliyetapika nimempeleka zahanati.

Bosi nimempigia hesabu ya saa mbili na nusu mpaka kumi na moja na nusu, kanyamaza kidogo halafu kasema jaribu wiki moja. Uji kakubali nusu, nusu bado tunabishana. Blanketi amesema nitafute bei nimtumie, kwaiyo swali la mwisho, kati ya kununua mapya Makambako na kuchukua mitumba Mwanjelwa wapi kuna unafuu kwa watu 18, na yale makoti mazito ya mitumba bado yanapatikana kwa robota?

deiwaka_mwenyewe

Mwanjelwa mkuu, nenda asubuhi siku wanayofungua robota, blanketi za mitumba nzito kuliko hizo mpya za rangirangi ambazo ni hewa tupu. Zifueni kwanza, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Makoti yapo, chukua na kofia za kuziba masikio, zile watu wanazidharau, na soksi za sufu. Ukipita Igawa nipigie honi, kama kuna nafasi ya saidia fundi na stoo haina jiko nakuja.